Fyuzi ya plagi, sakiti breka, RCD au gadi: uweke ipi kulinda vyombo vya nyumbani?

Umeme ukiunguza kitu nyumbani swali ni lilelile kila siku, "si kulikuwa na fyuzi, mbona TV imekufa?" Mtu ana plagi yenye fyuzi ya ampia 13, ana breka kwenye DB (lile boksi la kugawia umeme wa nyumba), kila kitu kipo, afu umeme unakatika usiku unarudi, asubuhi friji haliwaki. Akienda hadwea anaambiwa nunua gadi, fundi anamwambia tuweke breka kubwa zaidi, jirani anamwambia fyuzi za plagi ni usumbufu tu piga waya uendelee na maisha. Wote watatu wanaongea kwa kujiamini, na hapo ndo mtu anapochanganyikiwa anaishia kununua chochote kilichopo mbele yake dukani.

Shida ni kwamba hivi vitu tunavyoviita vyote "kinga ya umeme" havifanyi kazi moja. Kila kimoja kina hatari yake kinayoiangalia, hatari nyingine ikipita mbele yake hakishtuki hata kidogo. Kwa hiyo kabla hujauliza kipi kizuri, jiulize kwako kinachounguza vitu ni nini hasa.

Tunavipima kwa maswali gani

Nitauliza kila kimoja maswali yaleyale. Kwanza kinashtuka na nini, yaani ampia zikizidi, umeme ukivuja kwenda ardhini, au volti zikipanda na kushuka. Pili kinakata upesi kiasi gani. Tatu kikishakata kinarudishwaje na nani anaweza kukirudisha. Nne kinachezewa kirahisi namna gani, na hili naliweka kwa makusudi maana kwetu kinga nyingi zinakufa kwa mkono wa mwenye nyumba mwenyewe. Tano ni gharama, sitataja bei kwa sababu Kariakoo na Kigoma si bei moja, nitasema tu ipi ni hela ndogo na ipi inataka kujipanga. Mwisho kinamfaa nani.

Na hatari zenyewe ziko nne. Kuna mzigo kuzidi, yaani umechomeka birika, pasi na jiko kwenye ekstensheni moja, waya unabeba kuliko uwezo wake unapata moto polepole. Kuna shoti, laini ya moto na nyutro (ule waya wa kurudisha umeme) zimegusana, hapo ampia zinapanda mpaka mamia kwa kufumba na kufumbua. Kuna kuvuja, laini ya moto inagusa bodi ya friji au elementi ya hita imetoboka, umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini na njia hiyo inaweza kuwa wewe. Halafu kuna volti kuyumba, unatakiwa upate 230 unapata 160 au unapata 300. Kumbuka hizi nne, maana ulinganisho wote unasimama juu ya hizo.

Fyuzi ya plagi, ile ndogo nyeupe

Fungua plagi ya pini tatu bapa, ukitoa ule mfuniko utaona kulia, upande wa pini ya laini ya moto, kuna kijiti cha kauri chenye vifuniko vya chuma huku na huku, urefu inchi moja. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa chuma umepita katikati, umezungukwa na mchanga laini. Umeme wote wa kile kifaa unapita kwenye uzi huo. Ampia zikizidi uzi unapata moto, unayeyuka, njia inakatika, na ule mchanga unazima cheche isiendelee kurukia upande wa pili. Hakuna springi wala swichi, ni chuma kinachokubali kufa kabla waya wako haujafa.

*Inashtuka na nini.* Ampia tu. Shoti inaikata vizuri sana, mzigo kuzidi inaukata kwa kuchelewa, kuvuja inategemea ethi yako, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini (tutafika huko), na volti kuyumba haiioni kabisa. TV inayotumia wati 100 ikipigwa na volti 300 haivuti ampia 13 hata siku moja, inaungua ndani na fyuzi ya plagi iko salama inaangalia. Kwa hiyo yule anayeshangaa kwa nini fyuzi haikuokoa TV yake, jibu ndo hilo, haikuwekwa kwa kazi hiyo.

Imewekwa kulinda ule waya unaotoka kwenye plagi kwenda kwenye kifaa, na kupitia waya huo inalinda nyumba isiwake moto. Hili wengi hawajaambiwa. Breka ya soketi kule kwenye DB ni ya 20 au 32, waya wa feni au taa ya meza ni wa milimita za mraba 0.5 au 0.75, ambao wa kwanza uwezo wake ni kama ampia 3 na wa pili kama 6. Huo waya ukibanwa na mguu wa kitanda ukaanza kupitisha ampia 15, breka ya 32 inaona kawaida tu kwa sababu haijafikiwa hata nusu yake. Anayeweza kushtuka ni fyuzi ya plagi, na ni kama namba yake imelingana na waya.

Ndo maana namba ina maana. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa gawa kwa 230 unapata ampia. Pasi ya wati 1200 ni kama ampia 5.2, birika la 2000 ni 8.7, presha kuka ya umeme ya 1000 ni 4.3, feni ya 60 ni robo ya ampia. Fyuzi ya 3 inabeba mpaka wati 690, ya 5 mpaka 1150, ya 13 mpaka karibu 3000. Sasa nenda kwenye duka lolote uone, karibu plagi zote zinauzwa na fyuzi ya 13 ndani, iwe ni ya birika au ya chaja. Redio, feni, taa ya meza, dekoda, hizo weka ya 3, ile yenye maandishi mekundu. Friji angalia kwanza mtengenezaji ameandika nini, kwa sababu kompresa inapoanza inavuta mara kadhaa ya kawaida yake kwa muda mfupi, ukiweka ya 3 inaweza kukukatikia kila siku bila friji kuwa na kosa.

*Upesi wake.* Kwenye shoti ni sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye mzigo kuzidi usiitegemee sana, fyuzi ya 13 haikatiki ikifika 13, inaweza kubeba ampia 20 kwa muda mrefu bila kukatika. Hapo ndo unaona plagi ya ekstensheni imekuwa ya kahawia, plastiki imelainika, inanuka, na fyuzi bado nzima.

*Kurudisha.* Unanunua nyingine, hela ndogo kabisa, unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi baada ya kuchomoa plagi. Lakini kwanza tafuta sababu. Ukiweka mpya ikakatika papo hapo, kuna shoti, acha, peleka kifaa kwa fundi, usichome ya tatu.

*Kuchezewa.* Hapa ndo udhaifu wake mkubwa. Fyuzi ikikatika saa mbili usiku na mechi inaendelea mtu anazungushia foili ya sigara, au anaweka kipande cha waya, au msumari. Kifaa kinawaka, wote wanafurahi, na kuanzia dakika hiyo uzi mwembamba kuliko yote kwenye njia nzima ni ule waya wa kifaa chako uliopita chini ya zulia. Naomba sana, kama hamna fyuzi dukani, kaa na giza la TV usiku mmoja. Na unaponunua tafuta iliyoandikwa BS 1362 pamoja na namba ya ampia kwenye mwili, fyuzi isiyo na maandishi yoyote huwezi kujua itakatika kwa ngapi.

*Inamfaa nani.* Kila mtu mwenye plagi za pini tatu, na hasa mpangaji, maana hiyo ndo kinga ya kwanza ambayo iko mikononi mwake bila kumwomba mwenye nyumba.

Tena hii plagi kuwa na fyuzi si kitu cha dunia nzima. Waingereza miaka ya 1940 shaba ilikuwa adimu kwa ajili ya vita, wakaamua nyumba izungushiwe waya mmoja wa soketi zote wenye fyuzi kubwa ya ampia 30 kwenye boksi, na kila plagi ibebe fyuzi yake ndogo. Kipimo cha plagi hiyo, BS 1363, kilitoka 1947, na kwa vile Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda zilikuwa chini yao tukaipata na sisi. Kongo na Burundi walikuwa chini ya Mbelgiji, plagi zao za pini mbili za duara hazina fyuzi ndani, huko ulinzi wote unaanzia kwenye breka.

Fyuzi ya waya, zile za kibebeo cha kauri

Nyumba za zamani bado zipo nazo, boksi la mein swichi pembeni yake vibebeo vya kauri au plastiki vyenye waya umefungwa kwa skrubu mbili. Hapa sitakaa sana.

Inashtuka na ampia tu kama ile ya plagi, ila ni nzito zaidi, inataka kama mara mbili ya namba yake ndo ikatike. Yaani waya wa ampia 15 unaweza kusubiri hadi karibu 30. Kurudisha ni kufunga waya mpya, na kuchezewa ndo hatari kuliko zote, kwa sababu kilichoandikwa kwenye kibebeo ni 15 lakini aliyefunga mara ya mwisho anaweza kuwa amechukua uzi wowote wa shaba aliouokota, na ukiangalia kwa macho hujui. Uzuri wake nao usemwe, haina kitu cha kukwama ndani, ukiwa na waya wa namba sahihi inafanya kazi miaka na miaka, na waya wake ni wa bei rahisi mno. Inamfaa mtu ambaye nyumba ya zamani ndo hiyohiyo na pesa ya kubadilisha boksi haijapatikana, awe na kadi ya waya halisi wa fyuzi ndani ya nyumba, na azime mein swichi kabla ya kuchomoa kibebeo.

Sakiti breka

Hizi za kidude cha kupandisha na kushusha. Ndani kuna walinzi wawili wanakaa pamoja. Mmoja ni kipande cha metali mbili zilizogandishwa, kikipata moto kinapinda polepole mpaka kinafyatua, huyo anashughulika na mzigo kuzidi. Mwingine ni koili ya waya inayogeuka sumaku, ampia zikipanda ghafla inavuta kifyatuo papo hapo, huyo ni wa shoti.

*Inashtuka na nini.* Ampia, basi. Watu wengi wanadhani breka ikiwepo volti kubwa haiingii. Inaingia vizuri tu.

*Upesi wake.* Breka ya 20 ikipitishiwa ampia 29 inatakiwa iwe imekata ndani ya saa moja, ndo kipimo chenyewe, kwa hiyo usitegemee iruke ukizidisha kidogo. Kwenye shoti inaruka chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ila inategemea herufi. Angalia usoni mwake pameandikwa B20 au C20. B inaruka papo hapo ampia zikifika kati ya mara 3 na mara 5 ya namba yake, C kati ya mara 5 na mara 10. Nyumba ya taa, TV na birika B inatosha na inashtuka mapema. Kama una AC, pampu ya maji, mashine ya kusaga juisi kubwa, hizo motor zikianza zinavuta sana B inaweza kukurukia bila sababu, ndo C inapofaa. Pia utaona 6000 ndani ya kiboksi, hizo ni ampia za shoti ambazo breka inaweza kuzikata bila yenyewe kupasuka.

*Kurudisha.* Hapa inashinda fyuzi zote, unapandisha kidole tu. Lakini huo urahisi nao una ubaya wake, mtu anapandisha mara tano mfululizo bila kuuliza imeruka kwa nini. Ikigoma kukaa juu, chomoa vyote kwenye ile laini, pandisha, chomeka kimoja kimoja, utakachochomeka ikaruka ndo mgonjwa wako. Ikiruka hata kama hujachomeka kitu, kosa liko kwenye waya wa ukutani, hapo ni fundi.

*Kuchezewa.* Huwezi kuweka foili. Kinachofanyika ni "kupandisha ampia", yaani breka ya soketi ya 20 inaruka kila siku sababu ya jiko na birika, fundi anaweka ya 40 na kweli hairuki tena. Sasa waya uliopo ukutani ni ule ule wa 2.5, ambao kwa njia moja unatakiwa ulindwe na 20 (kama ni wa kuzunguka na kurudi DB, 32), na taa waya wa 1.5 zinalindwa na 6 au 10. Ukiweka 40 umeiondoa kinga, waya utachemka ndani ya plasta ambako huoni. Breka ikiruka kwa mzigo dawa yake ni kuvuta waya mwingine wa jiko kutoka DB na breka yake.

*Gharama.* Ya kati, na ufundi wake unahitaji mtu mwenye leseni, kwa Tanzania ya EWURA, Kenya ya EPRA. Inamfaa kila nyumba, hili halina mjadala, ila haiwezi kuchukua nafasi ya fyuzi ya plagi kwa sababu yenyewe inalinda waya wa ukutani, waya wa feni yako ni mdogo mno kwake.

RCD, wengine wanaiita ELCB

Hii ina umbo la breka lakini pana kidogo na ina kitufe kimeandikwa T. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwenye laini ya moto na unaorudi kwenye nyutro. Zikilingana kimya, tofauti ikifika karibu miliampia 30 inakata, kwa sababu kilichopungua kimepita pengine, labda kwenye bodi ya mashine ya kufulia, labda kwenye mwili wa mtoto.

*Inashtuka na nini.* Kuvuja peke yake. Shoti kati ya laini na nyutro haiioni, mzigo kuzidi haiuoni, volti haizioni. Mtu akishika laini na nyutro kwa mikono miwili bila kugusa ardhi nayo haitamwona. Ipo ile inayoitwa RCBO ambayo imeunganisha RCD na breka kwenye kidude kimoja, hiyo inashughulika na ampia pia.

*Upesi wake.* Ikifika miliampia 30 inatakiwa ikate ndani ya sehemu 3 za kumi za sekunde, ukivuja umeme mwingi inakata haraka zaidi.

Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu ndo sehemu inayoua watu. Ukichukua fyuzi ya 13 na RCD ya miliampia 30, fyuzi inataka umeme zaidi ya mara 400 ya ule unaoishtua RCD. Sasa piga picha friji, laini ya moto imegusa bodi. Kama ethi ni nzuri sana umeme mwingi unapita, fyuzi inakatika, tumepona. Lakini nyumba zetu nyingi ethi ni chuma kimoja kimepigwa ardhini nje, na ardhi ikiwa ya mchanga au kiangazi kikiwa kikali upinzani wa hicho chuma unaweza kuwa om 50 au zaidi. Gawa 230 kwa 50 unapata ampia 4.6. Fyuzi ya 13 haitakatika, breka ya 20 haitaruka, friji linaendelea kugandisha barafu vizuri tu na mlango wake una umeme, anayekuja peku na mikono mibichi ndo anagundua. RCD kwa ampia 4.6 ilikuwa imeshakata zamani. Ukisikia mtu anasema "hili friji linatekenya kidogo ukiligusa lakini halina neno", mwambie alizime leo.

*Kurudisha.* Kidole, kama breka. Ila ikianza kuruka ruka watu wanaichukia, na sababu mara nyingi ni elementi ya hita au birika iliyotoboka, soketi ya nje iliyoingia maji ya mvua, au fundi aliyechanganya nyutro na ethi. RCD inayoruka inakuambia kuna kitu kinavuja, tafuta hicho kitu kwa mtindo ule ule wa kuchomoa vyote.

*Kuchezewa.* Fundi mvivu anairuka, anaunganisha waya kabla na baada yake. Inakaa pale kama pambo. Bonyeza kile kitufe cha T kila baada ya miezi michache, nyumba ikizima sehemu inazolinda ujue ipo kazini, isipozima ita fundi mwingine.

*Gharama.* Ni ghali kuliko breka, hata mara kadhaa. Inamfaa mwenye watoto, mwenye hita ya kuogea, pampu ya kisima, mashine ya kufulia, soketi za nje, na yeyote ambaye hana uhakika na ethi yake.

Gadi ya umeme, friji gadi na TV gadi

Hapa sasa ndo anapojibiwa yule wa friji lililokufa usiku. Gadi inachomekwa ukutani, kifaa kinachomekwa kwenye gadi, inapima volti muda wote.

*Inashtuka na nini.* Volti. Nyingi zinakata umeme ukishuka chini ya kama 190 na ukipanda juu ya kama 260, soma kwenye boksi maana hazifanani. Umeme ukirudi haiwashi hapo hapo, inasubiri, za friji huwa dakika kama tatu. Kusubiri huko kuna sababu, kompresa ikizimika gesi ndani bado ina presha upande mmoja, ukiiwasha papo hapo inasukuma bila kuzunguka, inavuta umeme mwingi, inachemka. Ukikatikiwa na kurudishiwa mara nne kwa robo saa friji lisilo na gadi linapigwa mara nne.

Na umeme mdogo nao unaua, wengi hawaamini. Motor ikipata 150 badala ya 230 haifanyi kazi polepole kwa amani, inavuta ampia zaidi kujaribu kubeba mzigo ule ule, koili zinachemka, na ampia hizo bado ni chache mno kwa fyuzi ya 13.

Upande wa volti kubwa, mbaya kuliko zote ni nyutro kukatika njiani kwenye nguzo. Mtaa ukiwa kwenye fezi tatu na nyutro ikaachia, nyumba moja inaweza kupata volti 350 na ya jirani 100 kwa wakati mmoja. Ukiona taa zimewaka kali kupita kawaida, au nusu ya mtaa imefifia na nusu inang'aa, kimbia kwenye mein swichi uzime, halafu ndo upige simu ya dharura.

*Upesi na kurudisha.* Inakata haraka na inajirudisha yenyewe, huhitaji kufanya lolote. *Kuchezewa,* shida yake ni mtu kuchomeka ekstensheni yenye vitu sita juu ya gadi ya ampia 5. Gharama ni ndogo ukilinganisha na friji, na hii nayo mpangaji anahama nayo. Umeme wako ukiwa mdogo kila jioni gadi itakuwa inazima tu huna raha, hapo unahitaji stabilaiza inayopandisha volti, ni ghali zaidi na inanunuliwa kulingana na wati za vifaa vyako. Na radi usimtegemee gadi, mawingu yakikaribia chomoa plagi na waya wa antena.

Kuna fyuzi moja zaidi ambayo hujainunua lakini unayo, ile ya kioo ndani ya TV au redio kwenye bodi. Pembeni yake huwa kuna kidude cha duara cha rangi, mara nyingi bluu, volti zikizidi sana kinajigeuza shoti kwa makusudi na hiyo fyuzi ya kioo inakatika. Fundi akiifungua mwambie akuonyeshe. Kioo kikiwa kimeungua cheusi au kina rangi ya fedha kwa ndani, kulikuwa na shoti kubwa, uzi ukiwa umekatika tu katikati kioo safi, ulikuwa mzigo kidogo kidogo au uchovu. Asikuwekee waya hapo, na aweke yenye ampia zile zile na herufi ile ile, T ni ya kuvumilia mshtuko wa kuwaka, F ni ya haraka.

Sasa kwa hali yako

Kama umepanga chumba na DB huna mamlaka nayo, anza na plagi zako, fungua moja moja, toa foili na misumari, weka 3 kwenye vidogo na 13 kwenye vya moto, afu friji na TV zipate gadi. Hapo umefanya kila kilicho chini ya uwezo wako, na mwambie mwenye nyumba kuhusu RCD kwa heshima, hasa kama bafuni kuna shawa ya umeme. Shawa hizo zinakwenda hadi wati 5500, ni karibu ampia 24, hazitakiwi kwenye soketi kabisa, zinataka waya na breka yao.

Unayejenga sasa hivi, RCD iingie kwenye bajeti toka mwanzo kabla ya vigae vya urembo, jiko na hita vivutiwe waya wao, na mwambie fundi apime ethi kwa kifaa cha kupimia mbele yako akuandikie namba.

Mwenye pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu aangalie historia ya kwake. Vitu vinaungua umeme ukirudi, nunua gadi. Kuna kitu kinatekenya au kuna watoto wanaotambaa, RCD kwanza hata kama TV itasubiri. Plagi zinachemka na kunuka, huna cha kununua, punguza mzigo kwenye ekstensheni na ubadilishe plagi iliyolegea.

Kijijini mwisho wa laini, mbali na transfoma, ambako jioni taa zinafifia, breka na fyuzi hazitakusaidia kwa hilo, ni gadi au stabilaiza. Mwenye saluni, bucha au genge la juisi lenye mafriji mawili matatu aongee na fundi kuhusu gadi ya nyumba nzima inayofungwa kwenye DB, inaweza kutoka nafuu kuliko kununua ya kila kifaa.

Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi mnaotumia pini mbili, breka ndo fyuzi yenu ya kwanza, kwa hiyo msikubali breka ya soketi izidi uwezo wa waya, na RCD kwenu ina uzito zaidi kwa vile plagi nyingi za pini mbili hazina ethi. Anayeleta vitu kutoka Oman au Dubai plagi ni za pini tatu kama zetu, angalia tu namba ya fyuzi iliyomo. Akileta kitu cha pini mbili kutoka kwingine, asikikate plagi na kuchomeka nyaya uchi kwenye soketi kwa njiti ya kiberiti, afunge plagi ya pini tatu, waya wa kahawia uende upande wenye fyuzi, wa bluu upande wa pili, wa kijani na njano kama upo uende juu kwenye ethi, kisha aweke fyuzi kulingana na wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa.